Kadi Haigeuzwi

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Simu hupokei, na ukipokea unasema kisichoandikwa hakikusemwa, kwa hiyo naandika.

Kaa kwanza. Umekaa? Kampuni yetu imepewa kazi ya kujenga mfumo wa kutafutia hukumu katika masjala ya Mahakama ya Ardhi. Ndiyo, masjala yako. Na mkuu wa ujenzi huo ni mimi. Mimi niliyekuwa nafanya hesabu za shule chini ya meza yako, nikipiga chafya kwa vumbi la mafaili, leo watu wanane wananisubiri niseme neno ndipo waguse kibodi.

Nikueleze kazi yenyewe, maana najua utauliza. Mafaili ni sitini na tatu elfu. Kuna programu inayosoma picha ya hukumu na kuigeuza maandishi. Maandishi yanakwenda kwa nyingine, tunayoiita mkataji, inayoyakata neno moja moja. Halafu kila neno linapewa orodha yake: "kisima" limo katika faili hili na hili, "mjane" limo katika lile na lile. Orodha hizo zote kwa pamoja ndizo faharasa. Mtu akiuliza, mashine haifungui mafaili sitini na tatu elfu. Inafungua orodha mbili tatu, inaona zinakutana wapi, inayapanga majibu kwa uzito, basi. Jicho halijapepesa.

Kazi iliyokuwa ikikuchukua asubuhi nzima, Shangazi! Ungekuwa unakunywa chai tu.

Jaribio ni tarehe 20 Aprili mbele ya majaji. Nataka ukae mstari wa mbele.

Mwanao,
Mhandisi


11 Februari
Kumb. Na. SH/1

Bibi Mhandisi,

Marahaba. Nimekaa. Nimekaa tangu nistaafu, nimestaafu, sijafa.

Asubuhi nzima? Nani alikuambia? Aliyefika dirishani kwangu saa mbili alikuwa na faili lake saa mbili na dakika nne, na dakika moja kati ya hizo ilikuwa ya salamu, maana mimi nina adabu na mashine yako haina.

Sasa nisikilize. Unaniambia kila neno lina orodha ya mafaili yake, na unaniambia kama mtu aliyegundua moto. Zile droo mia mbili na kumi na nne nyuma ya dirisha lile ni nini? Mapambo? Kila kadi ina neno juu na namba za mafaili chini. Mtu akija na kisima na mjane, natoa kadi mbili, naziweka bega kwa bega, na namba inayojirudia ndiyo faili lake. Nimefanya hivyo miaka thelathini na moja. Na nilipofika mara ya kwanza nilikuta nini? Mafaili yamepangwa kwa rangi ya jalada. Kwa rangi! Na Mkuu wa Masjala wa wakati huo alikuwa anajivuna.

Nimeshakunja mikono ya gauni, tuendelee. Hukumu mpya sikuzichomeka moja moja kwenye droo kubwa, ningevunjika kiuno. Kadi zake ziliingia kwanza kwenye droo ndogo niliyoiita Wageni. Mtu akiuliza, natazama kwa Wenyeji, kisha kwa Wageni. Ijumaa mchana Wageni wanaunganishwa na Wenyeji, na droo ndogo inaanza upya. Mashine yako inafanyaje? Niambie nicheke.

Na kosa sikulifuta. Kufuta ni tabia ya wezi. Nilipiga mstari mmoja juu yake, ili cha chini kisomeke. Na neno "kiwanja" sikuliwekea kadi hata siku moja. Kila faili pale lina kiwanja. Neno lililoko kila mahali halikuonyeshi mahali.

Ninyi kizazi cha vidole mnaita vumbi kila msichokisoma. Mnaingia nyumba iliyojengwa na wenzenu, mnapaka rangi mlango, halafu mnaita watu waje kuona nyumba mpya.

Hongera, lakini. Nimewasomea majirani barua yako. Wawili hawakuiomba.

Shangazi yako,
Bi Droo
(mawakili walinipa jina hilo kwa dharau, nililivaa kama koti la sherehe)


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kazini kwa sauti. Mmoja wa wale wanane akasema, "Bosi, huyu mama ametuchorea mfumo mzima, tena bila umeme."

Cheka sasa: mashine yangu ina Wageni. Hukumu mpya zinaandikwa kwenye faharasa ndogo, pembeni. Anayeuliza anaulizia kote kwa mara moja, na seva ikipata nafasi, faharasa ndogo zinaunganishwa kuwa kubwa. Kilichoandikwa hakibadilishwi, kikikosewa kinawekewa alama tu. Na neno lililoko kila mahali linapewa uzito wa unyoya, neno adimu linapewa uzito wa jiwe. Mwalimu alipotuchorea hayo ubaoni chuoni, darasa zima lilikuna kichwa. Mimi nikaona ni mambo ya kawaida tu, nikajisifu kwamba nina akili. Kumbe nilikuwa nimekulia ndani yake.

Lakini usivimbe sana. Hukumu moja uliipa maneno kumi, kumi na mawili, uliyoyachagua wewe. Sisi tunachukua maneno yote. Yote, Shangazi! Hakuna anayechagua, kwa hiyo hakuna anayekosea.

Kadi zako nazo tunazipiga picha, elfu arobaini na moja, ziwe ndani ya mfumo kama kumbukumbu. Fundi wa skana aliniuliza, "Tupige pande zote mbili?" Nikamwambia nyuma hakuna kitu, mwenye kadi namjua. Unakumbuka ulivyonifinya siku ile nilipotaka kuchorea nyuma ya moja? "Kadi haigeuzwi!" Sikio lilibaki jekundu mpaka jioni. Basi mfinyo ule umetuokolea wiki tatu. Tunapiga upande wa mbele tu.

Njoo tarehe 20. Mengine tutaongea ukija.

Mwanao,
Mhandisi


9 Machi
Kumb. Na. SH/2

Mhandisi,

Marahaba.

Upande wa mbele tu. Sawa.

Jaribioni sitakuja. Magoti.

"Hakuna anayechagua, kwa hiyo hakuna anayekosea." Sentensi hiyo nimeisoma mara tatu. Ibandike ukutani kazini kwako. Utaihitaji.

Na hayo "mengine" ni yapi?

Shangazi yako


18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Magoti yamenitia wasiwasi. Hujawahi kulalamikia kiungo hata kimoja. Nimempa Tarishi wa masjala dawa ya kuchua, anasema bado anajua njia ya kwako. Paka asubuhi na jioni, usibishane na maelezo ya kwenye chupa.

Mengine ni mambo ya vyumba tu, wala usijali.

Mwanao,
Mhandisi


30 Machi
Kumb. Na. SH/3

Mhandisi,

Tarishi amefika. Dawa nimeipokea na magoti yangu ni mazima. Nimempa yeye, ndiye anayepanda ngazi zenu siku nzima. Nilidanganya kuhusu magoti. Wewe ulidanganya kuhusu vyumba. Tofauti ni kwamba magoti ni yangu.

Tarishi ndiye aliyetoa nakala za mkataba wenu, na mtu anayetoa nakala ana macho. Kifungu cha kumi na nne: mfumo ukishakabidhiwa, kadi zote zitachanwa kwa mashine, na chumba namba mbili kitatolewa kwa matumizi mengine. Sahihi chini ni yako. Naijua. Herufi ya mwisho yenye mkia nilikufundisha mimi, kwa penseli nyekundu, ukiwa na miaka saba.

Usidhani nalilia karatasi. Karatasi hufa. Mchwa wamekula vilivyo vikubwa kuliko kadi zangu. Ninachogomba nacho ni hiki: uliona kifungu, ukajua kitaniuma, ukaamua kwamba mimi ni mzee wa kupakwa dawa na kutulizwa. Mimi! Niliyemfukuza wakili dirishani mbele ya wateja wake kwa sababu alitaka faili la mtu mwingine "kwa dakika moja tu". Ungekuja ukaniambia usoni, "Shangazi, nachana kadi zako," ningekutukana mpaka ukome, halafu ningekuheshimu.

Mtoto niliyemlea haandiki "mambo ya vyumba". Anaandika mambo yalivyo.

Usiniandikie mpaka uwe na jambo la kweli la kusema.

Shangazi yako


21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nina jambo la kweli.

Jana tumeshindwa. Acha nikusimulie vile vile ilivyokuwa.

Saa nzima ya kwanza ilikwenda vizuri. Mawakili waliuliza, mfumo ukajibu, watu wakapiga makofi. Halafu Jaji, yule mwenye miwani anayeivua akitaka kusema, akasema, "Mawakili wana njia zao. Niitieni mtu wa dirishani." Wakamwita mama mmoja kutoka kwenye foleni. Ana bahasha ya plastiki kifuani kama mtoto. Jaji akamwambia, "Uliza kama ambavyo ungemuuliza karani."

Mama akasema, "Nataka ile kesi ya mwanamke aliyerudi kuzika mumewe akakuta shemeji zake wamebadilisha kufuli. Nimeambiwa alishinda. Na mimi yamenikuta."

Nikaandika maneno yake yote. Unajua neno adimu lina uzito wa jiwe? Basi mfumo wangu ukaona "kufuli" ni adimu, ukaleta kwanza kesi ya duka la kufuli lililodaiwa pango. Ya pili, ugomvi wa mpaka wa makaburi. Ukumbi ukacheka. Mama hakucheka. Aliuliza, "Kwa hiyo haipo?"

Ipo, Shangazi. Lakini aliyeiandika hukumu ni jaji, na jaji hakuandika kufuli wala shemeji. Ameandika kwamba walalamikiwa wa pili hadi wa nne waliingilia umiliki halali wa mlalamikaji. Maneno yote tunayo, na hakuna hata moja ambalo mama yule angelisema. Tarishi alikuwa nyuma na birika. Nilimsikia, na Jaji alimsikia: "Bi Droo angempa kabla chai haijapoa."

Tumepewa jaribio la mwisho tarehe 25 Mei. Tukishindwa, kazi inakwenda kwa kampuni nyingine, pamoja na mkataba ule ule. Tukishinda, kifungu cha kumi na nne kinatekelezwa. Kwa vyovyote kadi zako zinakufa, na kalamu ilikuwa yangu. Nilipokitia sahihi nilijiambia kwamba faharasa imeshazichukua, kwamba hakuna kinachopotea. Nilijua ni uongo, ndiyo maana nikaandika "vyumba".

Sikuombi msaada. Naomba msamaha, basi.

Mwanao


26 Aprili
Kumb. Na. SH/4

Mwanangu,

Marahaba. Msamaha utasubiri foleni. Kuna mtu mbele yako.

Mama yule aliondoka na nini? Umeandika vicheko, umeandika miwani ya Jaji, umeandika birika, lakini hukuandika mama aliondoka na nini. Basi nitaandika mimi: aliondoka mikono mitupu. Kwenye dirisha langu!

Faili lake ni namba 3340. Sikuhitaji kadi kulikumbuka. Mpelekeeni kabla hamjaisoma barua hii hadi mwisho.

Mmempelekea? Haya. Nenda chumba namba mbili, droo ya tisini na saba, toa kadi ya Mirathi. Igeuze.

Ndiyo. Igeuze. Nakuruhusu.

Mwaka wangu wa pili pale, nilianza kuandika kwenye kadi maneno ya watu wenyewe, kama walivyoyasema dirishani. "Wamenifungia nje." "Jirani anakula ua wangu kidogo kidogo." Mkuu akaona, akaja juu: mahakama haiandiki maneno ya sokoni kwenye kadi za serikali. Nikasema sawa, Mheshimiwa. Nikageuza kadi.

Kuanzia siku hiyo, kila aliyeuliza, maneno yake yaliingia nyuma ya kadi kwa penseli, pamoja na namba ya faili nililompa. Jina sikuandika hata moja. Akipata alichokuja kutafuta, naweka tiki. Akikosa, kistari. Ndiyo sababu karani mgeni alihitaji saa nzima na mimi dakika nne. Yeye alikuwa anasoma alichoandika jaji. Mimi nilikuwa nasoma walichosema watu. Wenye elimu wanadhani sheria imeandikwa kwa maneno yao, na mlalahoi ajifunze kuomba kwa lugha ya bwana ndipo apewe haki yake. Nimepigana na fikra hiyo miaka thelathini, kwa penseli, upande wa nyuma.

Uliposema mnapiga picha upande wa mbele tu, moyo ulipanda na kushuka kwa wakati mmoja. Nilifurahi, kwa sababu maneno yale niliambiwa mimi, si serikali. Na niliumia, kwa sababu mtoto aliyekulia chini ya meza yangu alisema nyuma hakuna kitu. Nikanyamaza. Hapo nilikosea, nami napiga mstari mmoja juu ya kosa langu, kisome.

Chukueni migongo yote. Masharti ni mawili. Maneno yasisafishwe: mtu akisema "kanifungia", mwandike "kanifungia". Na vistari visiachwe. Mfumo unaokumbuka tiki tu ni mfumo wa wapambe.

Kadi zenyewe siziombei. Sijawahi kuomba kitu dirishani pale. Mimi ndiye niliyekuwa natoa.

Kuna mgongo mmoja ambao sikutaka uusome ukiwa mdogo. Utaukuta.

Shangazi yako,
Bi Droo


27 Mei
Kumb. Na. MH/1

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umeona juu? Nimefungua jalada.

Migongo yenye maandishi ilikuwa elfu tisa na mia mbili. Penseli imefifia, skana inaona ukungu tu, kwa hiyo tuliketi watu wanne na kibodi, na Tarishi akitusomea. Anaujua mwandiko wako kuliko mimi. Mara nyingine alisoma huku anaigiza: "Nimempa shamba alime, sasa analima na mimi!" Tukacheka mpaka karani wa jirani akaja kuuliza kama tuko kazini.

Kisha tukabomoa. Nilikuwa nimejenga faharasa yenye upande mmoja: alichoandika jaji. Sasa kila faili lina pande mbili. Wa pili una maneno ya watu, na kila tiki inaongeza uzito wake, na kila kistari kinaupunguza. Kwenye michoro ya mfumo upande huo una jina, na majaji wamelazimika kulitamka: Mgongo. Na kazi haijaishia kwako. Karani wa dirishani sasa anaandika maneno ya mtu kama yalivyo, na mwisho anamuuliza kama amepata. Tiki au kistari. Wageni wanaingia kila siku.

Juzi ukumbi ulijaa. Jaji alimwita tena mama yule. Faili alishalipata siku ile barua yako ilipofika, nilimpelekea mwenyewe, lakini alikubali kuuliza upya. Mara hii alisema, "Nimetoka makaburini, ufunguo haufungui kitasa." Kufuli hakulitaja. Lakini nyuma ya Mirathi watu sita tofauti walikuwa wameomba faili lile lile kwa miaka tofauti, na mmoja wao alisema kitasa. Likaja la kwanza: 3340. Mama akaangalia skrini, akamwangalia Jaji, akasema, "Haya, sasa inasikia." Maswali yalikuwa ishirini. Kumi na saba yalipata. Matatu nimeyawekea vistari, usiniulize kama nimevificha.

Kisha nikasimama bila kuitwa. Nikasema mfumo huu umejua kusikia kwa sababu ya kadi ambazo mkataba unataka zichanwe, na kwamba mimi ndiye niliyeagiza zipigwe picha upande mmoja. Jaji akavua miwani. "Nani alikuambia upande wa nyuma ni mtupu?"

"Mimi mwenyewe, Mheshimiwa. Nilikuwa na miaka sita."

Akauliza kama mwenye kadi bado yupo hai. Tarishi akajibu kabla yangu: "Yupo, Mheshimiwa, na angekuwa hapa tungekuwa tumeshamaliza."

Mkataba ukaletwa. Jaji alitaka kukifuta kifungu cha kumi na nne kwa wino wa kusahihishia. Nikamwomba, tafadhali, mstari mmoja tu, ili cha chini kisomeke. Sahihi yangu ibaki ionekane chini ya kosa langu. Kadi zinabaki chumba namba mbili, na droo zote mia mbili na kumi na nne zimeandikwa kwenye orodha ya vifaa vya mfumo, zikitangulia seva.

Na ule mgongo niliukuta. Kadi ya Mpaka, faili 2217, kesi ya baba. Nimeusoma nimesimama, kisha nimekaa sakafuni, chini ya meza yako, bado natosha nikikunja miguu.

"Muulizaji: mrefu kama kaunta. Swali: Faili la baba mmelipata. Baba mwenyewe mmemweka wapi?"

Na mbele yake, kistari.

Nilikuwa nimesahau. Nakumbuka sasa kwamba nilizunguka nje nikapanga foleni, kwa sababu nilikuwa nimeona kila anayefika dirishani kwako anapata. Nawe hukunicheka, na hukunidanganya. Ulichukua penseli.

Mwanao,
Mhandisi


10 Juni
Kumb. Na. SH/5

Mwanangu,

Marahaba. MH/1 imepokelewa na kuwekwa mahali pake. Mkia wa sahihi yako umenyooka.

Kaka yangu alikwenda kazini asubuhi akaletwa mchana amefunikwa shuka. Kesi yake ya mpaka ilishinda miezi mitatu baadaye, ndiyo maana tulikuwa na nyumba ya kukulea. Faili nilikuwa nalo. Jibu la swali lako sikuwa nalo, na dirisha langu halikuwa la kutoa majibu ya uongo, hata kwa mtu mrefu kama kaunta. Nikaweka kistari, nikakuita ndani, nikakupa kadi zilizoharibika uzipange. Ulizipanga kwa rangi ya kingo. Nilitaka kulia, nikacheka.

Jumatano nilikwenda kuwakagua. Sikumwambia mtu. Nilipanga foleni upande wa watu, mahali ambapo sijawahi kusimama maisha yangu yote. Kaunta mmeipunguza kimo, vizuri. Kiti cha karani kinalia, wekeni mafuta. Mbele yangu kulikuwa na mzee aliyesema jirani yake "ananihamia polepole", na binti wa dirishani akaandika hivyo hivyo, hakumsahihisha. Nilimtazama vidole. Faili likatoka. Dakika mbili. Bila salamu ingekuwa moja, lakini alisalimia, kwa hiyo namsamehe.

Zamu yangu ikafika. Akauliza, "Nikusaidie nini, mama?" Nikamwambia ninachotafuta. Akaandika neno kwa neno, akabonyeza, likaja faili 2217 na picha ya kadi ya Mpaka, pande zote mbili. Mwandiko wangu ukiwa mkubwa kama dirisha. Nyuma ya binti yule, kwa mlango uliokuwa wazi, nilikuona wewe. Umesimama katikati ya droo zangu na seva zako zinazonguruma, unamwelekeza mtu mwenye mvi kuliko mimi, naye anaandika unachosema. Ulikuwa umekunja mikono ya shati. Hukuniona. Sikukuita.

Binti akauliza, "Umepata ulichokuja kutafuta?" Vidole viwili vikiwa tayari juu ya tiki na kistari.

Nikamwonyesha kimoja kwa kidole.

Barua hii ina mgongo. Igeuze.

Shangazi yako,
Bi Droo


(nyuma ya karatasi, kwa penseli)

Muulizaji: mstaafu, mbishi, magoti mazima.
Swali: Mtoto wa kaka yangu, yule aliyeachiwa kistari hapa, amefika wapi?
Faili: 2217.
Tiki.